Gari la dukani, gari la kiwandani: Kanuni za Safari Rally humtendea haki nani?

ANAYESAFIRI kutoka mjini Tarime kuelekea Nyamongo, kisha akaingia katika barabara za vumbi za vijiji vya huko kama Genkuru, hahitaji kusoma jarida la magari ili ajue gari bora ni lipi. Huko gari halipimwi kwa kasi yake wala kwa mng'ao wa rangi yake. Linapimwa kwa kufika.

Masika yakianza na vumbi kugeuka tope, dereva wa Toyota Probox iliyojaa abiria na mizigo aweza kumpita mwenye gari la bei mara nne ya lake, likiwa limezama hadi kwenye ekseli. Watazamaji hucheka. Lakini ndani ya kicheko hicho mna swali zito. Tukitaka kuwashindanisha madereva hao wawili kwa haki, tuwapange vipi? Tutazame ukubwa wa injini? Uzito wa gari? Bei yake? Au tuwaache waondoke pamoja, atakayefika wa kwanza awe ndiye mshindi?

Swali hilo ndilo lililowakabili waasisi wa mashindano mashuhuri kuliko yote ya magari katika Afrika Mashariki, yanayojulikana leo kwa jina la Safari Rally, na halijapata jibu la mwisho hadi sasa. Historia ya mashindano hayo, ukiitazama kwa makini, ni historia ya kutafuta kanuni moja ya haki: gari la kawaida, linalouzwa dukani, lishindane vipi na gari jingine la kawaida katika safari ya maelfu ya kilometa?

Bei ndiyo iliyokuwa kipimo

Mashindano ya kwanza yalifanyika kuanzia Mei 27 hadi Juni 1, 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Yalipita katika nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanganyika, nayo yaliitwa Coronation Safari. Mmoja wa waasisi wake, Eric Cecil, hakuvutiwa na mbio za kuzunguka uwanjani. Alitaka safari ndefu ya barabarani, katika barabara zile zile walizotumia wakulima, wafanyabiashara na watumishi wa serikali kila siku.

Kwa kuwa barabara zilikuwa za kawaida, magari nayo yalitakiwa yawe ya kawaida. Hayakuruhusiwa kufanyiwa marekebisho ya kuongeza nguvu. Gari lilitakiwa kuwa kama lilivyotoka dukani. Na hapo ndipo waandaaji walipoamua jambo ambalo hata leo linashangaza: badala ya kuyagawa magari kwa ukubwa wa injini, kama ilivyokuwa desturi Ulaya, waliyagawa kwa bei ya kuuzia katika maduka ya Afrika Mashariki.

Fikra iliyokuwa nyuma ya uamuzi huo ni rahisi kueleweka. Mnunuzi anapoingia dukani hana lita za injini mfukoni, ana fedha. Analotaka kujua ni gari lipi, kwa fedha alizonazo, litakalodumu zaidi. Mashindano yaliyopanga magari kwa bei yalimpa jibu la moja kwa moja. Gari la bei ya chini lilishindana na lenzake wa bei hiyo, na aliyetengeneza chombo imara kwa gharama ndogo ndiye aliyepata sifa.

Matokeo yaliwapa moyo wenye magari madogo. Orodha za washindi huanza na Volkswagen ya Alan Dix na Johnny Larsen mwaka 1953. Mwaka uliofuata Volkswagen nyingine ikashinda, ikiendeshwa na Vic Preston pamoja na D. P. Marwaha. Mwaka 1956 ikawa zamu ya DKW ya Eric Cecil mwenyewe na Tony Vickers. Hakuna hata moja kati ya magari hayo lililokuwa na injini ya kutisha. Yalishinda kwa sababu hayakuvunjika.

Kasoro za kipimo cha bei

Hata hivyo, kipimo cha bei kina udhaifu wake, na ni vema msomaji akauelewa, maana ndio uliosababisha kiachwe.

Kwanza, bei hubadilika. Ushuru ukipanda, au mwenye duka akiamua kupunguza faida, gari huhama daraja bila skrubu yake hata moja kuguswa. Pili, kiwanda chenye fedha chaweza kuuza magari machache kwa hasara, ili tu gari lenye nguvu liingie katika daraja la wanyonge. Tatu, bei ya duka la Nairobi si bei ya duka la London. Mara mashindano yanapoanza kupokea wageni, kila mmoja anakuja na bei za kwao.

Si Afrika Mashariki pekee iliyopita njia hiyo. Katika miaka ya 1960, mashindano ya magari ya dukani ya Bathurst nchini Australia, ambayo wakati huo yalikuwa ya maili 500, nayo yaligawa magari kwa bei ya kununulia. Mfumo huo haukuzuia maajabu: mwaka 1966, magari madogo ya Mini Cooper S yalichukua nafasi zote kuanzia ya kwanza hadi ya tisa kwa jumla. Lakini viwanda vilikwisha kujifunza kutengeneza magari maalumu kwa ajili ya siku moja ya mwaka, yakauzwa kwa idadi ndogo ili kutimiza masharti tu. Kufikia mwaka 1973 enzi ya gari la dukani lisiloguswa ilikuwa imekwisha huko pia.

Hapa kwetu, mashindano ya Safari yalipata hadhi ya kimataifa mwaka 1957, na hatimaye kipimo cha bei kiliachwa. Mahali pake pakaja kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA), ambazo zilikuwa na swali tofauti kabisa. Hazikuuliza tena, "Gari hili linauzwa shilingi ngapi?" Ziliuliza, "Magari ya aina hii yametengenezwa mangapi?"

Idadi kama ushahidi

Mtu asiyefuatilia mchezo huu huchanganywa na majina ya makundi: Kundi la 1, Kundi la 2, Kundi A, Kundi B, Kundi N. Lakini msingi wake ni mmoja. Kiwanda kinachotaka gari lake litambuliwe kuwa ni gari la kawaida hutakiwa kuthibitisha kwamba kimetengeneza idadi fulani ya magari yanayofanana nalo. Kikithibitisha, gari hupewa hati ya uidhinishaji, yenye picha na vipimo vya kila sehemu muhimu: kipenyo cha silinda, ukubwa wa valvu, uwiano wa gia, uzito. Mkaguzi wa mashindano huishika hati hiyo mkononi na kulinganisha na kilichomo chini ya boneti.

Kwa kanuni zilizotumika katika miaka ya 1970, Kundi la 1, la magari yasiyobadilishwa sana, lilidai magari 5,000 yaliyotengenezwa katika miezi 12. Kundi la 2, lililoruhusu marekebisho zaidi, lilidai 1,000. Kundi la 4, la magari makali, lilidai 500, na kuanzia mwaka 1976 likadai 400. Kwa ufupi, kadiri gari lilivyokuwa mbali na mnunuzi wa kawaida, ndivyo idadi iliyotakiwa ilivyopungua.

Kipimo hiki kilikuwa na ubora mmoja mkubwa: kilihesabika. Magari 5,000 ni magari 5,000, iwe Tokyo au Paris. Lakini kilihamisha haki kutoka kwa mnunuzi na kuipeleka kwa mtengenezaji. Kiwanda kikubwa kingeweza kutimiza idadi bila jasho. Kiwanda kidogo kingeshindwa hata kama gari lake lilikuwa bora. Na zaidi ya hayo, kanuni hiyo haikusema lolote kuhusu dereva wa Arusha au Eldoret aliyetaka kushindana kwa fedha zake mwenyewe.

Enzi ya wenyeji

Kwa miaka mingi udhaifu huo haukuonekana, kwa sababu barabara zenyewe zilikuwa hakimu mkali kuliko FIA. Mashindano yalikuwa yamehamia kipindi cha Pasaka, yaani katikati ya masika. Mwaka 1963 waliondoka washindani 84 wakarudi saba. Mwaka 1968 waliondoka 93, na kwa mara nyingine wakarudi saba tu. Katika miaka hiyo yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na msoma ramani wake Paddy Cliff, tena kwa gari la aina ile ile, Peugeot 404, ambalo wasomaji wa umri mkubwa watalikumbuka kama gari la familia na la teksi.

Kati ya ushindi huo miwili, taji lilikuja Tanzania. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, alishinda mwaka 1966 na akarudia mwaka 1967, naye pia kwa Peugeot 404. Na mwaka 1965 Joginder Singh, akiwa na nduguye Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwishatumika, gari kuukuu ambalo kiwanda kilikuwa kimeachana nalo.

Mifano hiyo inafundisha jambo moja. Pale ambapo kanuni huzuia marekebisho makubwa na barabara ikawa ndefu na mbaya, tofauti ya fedha hupungua. Ujuzi wa kujua ni wapi maji ya mto hupita kwa nguvu, lini pa kupunguza mwendo ili kuokoa shokapu, na namna ya kufunga springi iliyokatika usiku wa manane, haununuliwi kiwandani. Kuanzia mwaka 1953 hadi 1971, hakuna dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyewahi kushinda.

Ukuta huo ulibomoka mwaka 1972, pale Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm wa Sweden waliposhinda kwa Ford Escort RS1600. Mwaka uliofuata Safari ikaingia katika msimu wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rally wa watengenezaji. Viwanda sasa vilikuwa na sababu ya kuja na fedha, mafundi na vipuri bila kikomo.

Inafaa kukumbuka kilichotokea mwaka huo wa 1973. Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wakiendesha Datsun, walimaliza wakiwa na pointi za adhabu zilizolingana. Ushindi alipewa Mehta kwa kanuni ya kutenganisha waliofungana iliyokuwa imeandikwa kabla ya mashindano kuanza. Mtu angeweza kuilaumu kanuni hiyo, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba ilitungwa kwa ajili ya mtu. Hiyo ni haki ya aina yake: kanuni kujulikana mapema, na kumfunga kila mmoja sawasawa.

Hewa nyembamba na hesabu ya FIA

Mwaka 1982 yalianza makundi mapya. Kundi A lilidai magari 5,000 katika miezi 12. Kundi B lilidai 200 tu. Watengenezaji waliitumia nafasi hiyo ya 200 kutengeneza magari ambayo yalifanana na ya dukani kwa jina na kwa taa za mbele, si zaidi.

Kundi B lilileta pia tatizo ambalo kwa Afrika Mashariki lilikuwa na uzito wa pekee, nalo ni tabo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini kwa kutumia nguvu ya moshi unaotoka. Injini yenye tabo hutoa nguvu zaidi ya injini ya ukubwa ule ule isiyo na kifaa hicho. Ili kuleta usawa, FIA iliamua kwamba ujazo wa injini yenye tabo uzidishwe kwa 1.4 kabla ya kupanga daraja. Baadaye kizidisho kikapandishwa hadi 1.7. Toyota Celica iliyotawala Safari wakati huo ilikuwa na injini ya sentimeta za ujazo 2,090. Zidisha kwa 1.4, unapata 2,926, hivyo ikahesabiwa miongoni mwa magari ya chini ya lita tatu.

Hesabu hiyo ni nzuri ukiwa usawa wa bahari. Lakini Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na huko hewa ni nyembamba kwa karibu moja ya sita. Injini isiyo na tabo huvuta hewa hiyo pungufu na kupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Injini yenye tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kusukuma zaidi. Kwa maneno mengine, kizidisho kile kile kilichokuwa cha haki Ureno au Ugiriki kilimpendelea mwenye tabo katika nyanda za juu za Kenya, bila mtu yeyote kuvunja kanuni.

Celica ilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986. Mpinzani wake wa karibu katika hali ya kawaida ya Afrika Mashariki, Nissan 240RS ya lita 2.4 isiyo na tabo, haikuwahi kushinda. Iliyofanya vizuri ilikuwa ya Mike Kirkland wa Kenya, iliyoshika nafasi ya tatu mwaka 1985. Itakuwa kosa kudai kwamba tabo pekee ndiyo iliyoleta tofauti hiyo, kwani Toyota ilijiandaa vizuri na madereva wake, Björn Waldegård na Juha Kankkunen, walikuwa miongoni mwa bora duniani. Aidha, mwaka 1986 Celica hiyo, iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, iliyashinda magari ambayo katika karatasi yalikuwa makali zaidi, ikiwamo Peugeot 205 Turbo 16 yenye nguvu katika magurudumu yote manne. Barabara bado ilikuwa na neno lake.

Ajali za mwaka 1986 huko Ureno, ambako watazamaji walipoteza maisha, na Corsica, ambako Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto waliteketea, zilifunga ukurasa wa Kundi B. Dunia ikarudi kwa Kundi A na magari yake 5,000.

Kanuni na mwenye mkono mwepesi

Kundi A lilileta faida ambayo watu wengi hawakuitarajia. Kwa kuwa kiwanda hakingeweza kushinda bila kuuza maelfu ya magari ya aina hiyo, teknolojia ya mashindano ilifika madukani. Lancia Delta Integrale, Toyota Celica GT-Four, Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution ni watoto wa kanuni hiyo. Kijana anayeendesha Impreza kuukuu katika mitaa ya Nairobi au Dar es Salaam leo, pengine bila kujua, anaendesha sharti la FIA lililogeuzwa kuwa bati na chuma.

Lakini Kundi A lilionyesha pia kwamba kanuni haina nguvu kuliko uwezo wa mkaguzi wa kuithibitisha. Ili kupunguza nguvu za injini, magari ya tabo yalilazimishwa kuvuta hewa kupitia kizuizi chenye tundu la kipimo maalumu. Mwaka 1995 kipenyo chake kilikuwa milimita 34. Siri ya kizuizi ni hii: hewa inapopita katika tundu jembamba huongeza kasi, na ikifika kasi ya sauti haiwezi kuongezeka tena, hata injini ivute vipi. Ni kanuni nzuri, kwani haitegemei uaminifu wa mtu, inategemea maumbile.

Hata hivyo, katika mashindano ya Catalunya nchini Hispania mwaka huo wa 1995, wakaguzi waligundua kwamba kizuizi katika magari ya timu ya Toyota kilikuwa na utaratibu wa siri. Kilipofungwa kwenye gari, kilisogea na kuacha njia nyingine ya hewa. Kilipofunguliwa kwa ukaguzi, kilirudi mahali pake kikaonekana halali. FIA iliifutia timu hiyo pointi zote za mwaka na kuifungia kwa miezi 12. Ni timu ile ile iliyokuwa ikisifiwa kwa ushindi mwingi wa Safari.

Funzo lake ni zito. Kanuni ambayo haiwezi kukaguliwa huwaadhibu waaminifu. Anayeitii hupoteza nguvu, anayeikwepa huzipata. Kwa sababu hiyo, anayedai haki katika mchezo huu hana budi kudai kwanza wakaguzi wenye vifaa, ujuzi na muda wa kutosha.

Ushindi ndani ya daraja

Wakati macho ya dunia yakiwa kwa magari ya Kundi A, kulikuwa na Kundi N, la magari yaliyokaribiana zaidi na ya dukani. Hapa marekebisho yaliruhusiwa kwa sehemu chache, hasa za usalama na uimara. Kwa miaka kadhaa hakuna gari la kundi hilo lililoweza kumaliza Safari. Aliyeivunja rekodi hiyo ni Patrick Njiru wa Kenya mwaka 1990, aliyemaliza wa nane kwa jumla akiendesha Subaru Legacy. Mwaka 1993 Njiru huyo huyo alishika nafasi ya 12 na kushinda daraja lake kwa Subaru Vivio, kigari chenye injini ya sentimeta za ujazo 660, ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa.

Magazeti mengi ya nje hayakuona habari katika nafasi ya 12. Lakini kama tungetumia macho ya waasisi wa mwaka 1953, Vivio ndiyo iliyokuwa na hadithi kubwa kuliko zote mwaka huo. Daraja si huruma anayopewa mnyonge. Ni namna ya kuuliza swali sahihi: mtu huyu, kwa chombo hiki, amefanya nini?

Mambo yasiyoandikwa kwenye hati

Lipo pia jambo ambalo kanuni za kiufundi hazikuligusa kwa miaka mingi. Hati ya uidhinishaji hupima gari, haipimi kinacholifuata. Katika miaka ya 1980 na 1990 timu kubwa zilikuja na helikopta zilizoruka juu ya gari kumwonya dereva kuhusu ng'ombe, malori na madaraja yaliyosombwa. Zilikuwa na magari ya mafundi kila baada ya masafa fulani, yenye uwezo wa kubadilisha giaboksi kwa dakika chache. Mshindani binafsi alikuwa na jamaa yake mwenye pikapu, matairi mawili na birika la chai.

Kwa karatasi, wote wawili walikuwa na magari ya Kundi A. Kwa kweli, mmoja aliendesha gari jipya kila baada ya saa chache. Ndiyo maana ushindi wa Ian Duncan wa Kenya mwaka 1994 unakumbukwa. Alikuwa na gari zuri la Toyota, na alikuwa mwenyeji. Tangu hapo hadi mashindano ya mwaka 2025, hakuna Mwafrika Mashariki mwingine aliyeshinda Safari ilipokuwa sehemu ya ubingwa wa dunia.

Bei yarudi kwa mlango wa nyuma

Kuanzia mwaka 1997 FIA iliviruhusu viwanda kujenga magari ya rally bila kulazimika kuuza maelfu ya magari yenye tabo na nguvu katika magurudumu manne. Uhusiano wa gari la mashindano na la dukani ukalegea. Safari yenyewe ilitolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarejea mwaka 2021, na kuanzia mwaka huo hadi 2025 Toyota imeshinda kila mara. Magari ya juu ya sasa, ya daraja la Rally1 lililoanza mwaka 2022, hujengwa kuzunguka fremu ya mabomba kwa ajili ya usalama. Jina la Yaris liko ubavuni. Gari la dukani haliko ndani.

Lakini chini ya daraja hilo limetokea jambo la kuvutia. Ili kuwasaidia washindani wasio wa viwanda, FIA ilipoanzisha daraja la R5 mwaka 2013, ambalo leo huitwa Rally2, iliweka kikomo cha bei ambayo kiwanda kinaruhusiwa kuuza gari hilo: euro 180,000. Kwa Rally3, daraja la chini yake, kikomo kilikuwa euro 100,000. Manvir Baryan wa Kenya alitwaa ubingwa wa Afrika mara tatu mfululizo, kuanzia 2017 hadi 2019, akiendesha Skoda Fabia ya R5. McRae Kimathi, Mkenya mwingine, alishiriki mashindano ya dunia ya vijana mwaka 2022, ambako washindani wote waliendesha gari la aina moja, Ford Fiesta Rally3.

Hivyo basi, baada ya kupima injini, kuhesabu magari na kubana hewa, wakubwa wa mchezo huu wamerudi kwenye swali la Nairobi la mwaka 1953: linauzwa shilingi ngapi? Tofauti ni kwamba sasa bei si ya kupangia daraja tu, bali ni sharti analobebeshwa mwenye kiwanda.

Wapo waliotafuta njia nyingine. Waandaaji wa East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003, waliamua kuurudisha wakati nyuma kwa kukubali magari ya zamani tu. Lakini hata huko fedha hupata mlango. Porsche 911, ambayo haikuwahi kushinda Safari ya enzi zake, ilishinda mashindano hayo ya kumbukumbu mwaka 2011 ikiwa na Waldegård na mwaka 2015 ikiwa na Stig Blomqvist. Gari ni la zamani. Maandalizi ni ya leo.

Haki ni nini basi?

Katika mbio za saa 24 za magari ya GT3 huko Ulaya hutumika mbinu nyingine: gari linaloonekana kuwa na kasi zaidi huongezewa uzito au kupunguziwa hewa ili yote yakaribiane. Mashindano huwa ya kusisimua, lakini aliyetengeneza gari bora hujikuta akiadhibiwa kwa ubora wake. Wengine huamua kuficha kasi yao kabla ya siku yenyewe ili wasibebeshwe mzigo. Usawa wa matokeo si lazima uwe haki ya mashindano.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, miaka zaidi ya 70 ya Safari imetuachia vipimo vitatu vya kanuni ya haki. Kwanza, ijulikane kabla ya bendera kushushwa, kama ile iliyompa ushindi Mehta. Pili, iwe inakaguliwa, maana bila hivyo ni mtego kwa wakweli. Tatu, na hili ndilo husahauliwa, iache mlango ulio wazi kwa mtu wa barabara zile zile mashindano yanamopita, ili aingie kwa gari analoweza kulinunua na kulitengeneza.

Kanuni haiwezi kusawazisha mifuko ya watu. Inachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba mfuko si kipimo pekee. Waliopanga magari kwa bei mwaka 1953 walikosea katika mambo mengi ya utekelezaji, lakini walikuwa wamemweka mtu sahihi mbele ya macho yao: mnunuzi wa kawaida, mwenye fedha za kuhesabu na safari ndefu ya kwenda.

Mtu huyo bado yupo. Masika yajayo atakuwa barabarani kuelekea Genkuru, na gari lake litapimwa kama kawaida, kwa kufika.